Ukurasa wa Siku za Juma

Hapo zamani, si zile za masultani na majini, hizi za juzi tu ambapo simu zilikuwepo, paliondokea nesi wa zahanati moja ya mlimani, jina lake Atupele.

Chanjo zake zililetwa kila Jumatatu kwa pikipiki, ndani ya kasha la barafu, na zilizobaki zikirudi mjini jioni, maana hapakuwa na friji. Akina mama walisahau siku. Basi Atupele akajifunza lugha ya kompyuta iitwayo Ushanga, atunge programu ya kuwatumia ujumbe. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini Ushanga ilikuwa na mwongozo wa Kiswahili, kazi ya Mwalimu Shehoza wa Lushoto. Ukurasa wa siku ulisema: ya kwanza Jumamosi, ya pili Jumapili, ya tatu Jumatatu. Nani angebisha? Ndivyo tunavyohesabu sote. Atupele akaandika tatu, programu ijaze yenyewe jina la siku katika ujumbe.

Jumatatu ikafika, chanjo zikafika, mama hata mmoja hakufika. Jumatano wakaja ishirini na wawili, watoto mgongoni, kasha limekwishaondoka. Wakasema simu imewaambia Jumatano. Atupele akafungua programu: tatu. Akafungua mwongozo: tatu ni Jumatatu. Akaona wamesoma vibaya, akawaambia kwa mdomo waje Jumatatu. Simu ikawaambia tena Jumatano, wakaamini simu.

Na surua ilikuwa imeshaingia kijiji cha ng'ambo ya mto. Mganga mfawidhi akasema, "Nesi, nakupa juma moja. Wakikosa tena, mtambo wako uzimwe."

Akina mama wengine walinuna wakaondoka, lakini Tusajigwe, mama wa mapacha, alirudi akamwekea simu mkononi. "Soma mwenyewe, nesi. Mara mbili imetupitisha siku mbili zilezile. Mlevi huyumba huku na huku. Huyu anakosea palepale. Ana hesabu yake."

Atupele akaona haya. Akauliza mtandaoni, kwenye kundi la watumiaji wa Ushanga. Akajibu Mabula, fundi wa Mwanza, mtu asiyemjua kwa sura. Akapekua undani wa lugha kutwa mbili, akakuta kwamba Ushanga huanza kuhesabu juma kwa Jumatatu. Moja ni Jumatatu. Tatu ni Jumatano. Akamjulisha Atupele, kisha yeye Mabula akampigia simu Mwalimu Shehoza.

Mzee akaufungua ukurasa wake, akausoma upya. "Kosa ni langu, mwanangu. Nilihesabu kwa desturi yetu, nikasahau kuwa mashine haikulelewa kwetu." Siku hiyohiyo akausahihisha ukurasa, akaongeza onyo na mfano, akawaandikia watumiaji wote.

Atupele akafuta tatu, akaandika moja. Jumatatu wakaja wote. Watoto wakachomwa sindano, wakalia, na Atupele naye akalia. Chake kilikuwa kilio cha shukrani.

Sasa, desturi ya mwongozo ule ni hii: ukurasa ukisahihishwa, chini yake huandikwa jina la mtu wa kushukuriwa, na anayeliandika ni yule aliyeponzwa na kosa. Jina moja tu, na likishahifadhiwa halifutwi.

Mabula akasema, "Wengine waliona moshi. Aliyeufikia moto ni mimi, tena kwa kazi isiyo yangu."

Tusajigwe akacheka. "Kompyuta siijui, mwanangu. Lakini kosa lile lilisomwa na miguu yangu, pacha mmoja mbele, mmoja nyuma. Nisingerudi, nesi angekuwa bado anatusingizia kuwa hatujui kusoma."

Mwalimu Shehoza akasema, "Nimekosa, sikatai. Lakini nisingeandika kwa Kiswahili, Atupele angejifunzia wapi? Na kosa langu nimelisahihisha kwa mkono wangu, hadharani, bila kusukumwa."

Atupele akamshukuru kila mmoja kwa moyo wake wote. Akajaribu kuandika majina matatu, ukurasa ukayakataa. Akalifuta la kwanza, akalirudisha, akalifuta tena.

Haya, unayesikiliza, usitazame pembeni. Ingekuwa ni mwanao aliyechanjwa Jumatatu ile, ungeandika jina la nani?