Fulana ya Manjano Mwambani

Sogeeni mbele, mkeka ni mpana. Na nyinyi wa nyuma mnaonong'ona, malizeni upesi, maana neno la leo ni lenu.

Palikuwa na mtafiti mmoja, alikuja pwani kusoma samaki. Msicheke. Kazi yake ilikuwa kujua samaki wa mwambani wanaona nini na wanakumbuka nini. Alizama kila siku na fulana ya manjano, ile ile, mkononi vibao viwili, kimoja cha mistari na kingine cha madoa. Samaki changu akigusa cha mistari, anapewa kipande cha dagaa. Wakamzoea. Wakiona manjano kwa mbali wanamjia kama kuku waliosikia mtama.

Watu je? Si mnawajua watu. "Huyu ana dawa." "Ametumwa na wenye hoteli, anawapimia bahari waje waifunge." Kila mmoja na lake, na hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Aliyemshuku zaidi ni mzamiaji mmoja anayewinda kwa mshale. Kwa nini yeye? Kwa sababu samaki walimkimbia. Akitia kichwa tu majini, changu hao! Anarudi nyumbani na mshale na njaa. Mkewe akamwambia:

"Mwenzio wanamfuata, wewe wanakukimbia. Umewafanya nini, baba watoto?"

"Mchawi yule!"

"Uchawi wa dagaa? Wamekujua tu. Hata mimi ningekuwa na mapezi ningekukimbia. Tazama sufuria lile, maji matupu, na wanao wamelikodolea macho."

Neno lile lilimwingia. Asubuhi akapita uani kwa mtafiti, akaikuta fulana ya manjano kambani. Akaivaa. Akazama, mshale kaushika nyuma ya kiuno, ncha ikatoboa fulana asijue. Changu wakaja wote. Wakamzunguka, mmoja akamdonoa kidole akitafuta dagaa. Akamchagua aliyenona kuliko wenzake, akampiga. Wengine wakatawanyika. Chewa mzee, samaki mkubwa wa miambani, alikuwa kwenye mlango wa pango lake, anatazama.

Siku ile walikula wakashiba. Fulana ikarudi kambani, imesuuzwa vizuri. Nani kaona?

Kesho yake mtafiti akazama. Mwamba mtupu. Alikaa na vibao vyake mpaka vidole vikamkunjamana, asije hata mmoja. Kazi yake yote ikafia pale. Alipotoka akaikagua fulana, akaona ina tundu la mshale kiunoni. Mwenye mshale kijijini ni nani? Akamfuata.

"Ndugu yangu, ulivaa hii?"

"Nguo ni nguo. Samaki ana akili gani?"

"Anayo ya kunijua. Juzi nilikuwa mtu wa dagaa. Leo mimi ni mtu wa mshale."

"Basi kesho nitavaa ya bluu."

"Vaa. Kisha uvae nyekundu. Rangi zote zikiisha, utavaa nini?"

Na kule jikoni kwa mzamiaji sufuria lilikuwa limesharudia maji yake.

Sasa nakuja kwenu. Mnadhani yule aliiba samaki mmoja? Aliiba imani ambayo mwenzake aliilea dagaa kwa dagaa, na mwenyewe hakubaki nayo.

Na sisi je? Mwanamke amefiwa. Unajifunga ushungi, unaingia na "pole, mwenzangu", unamshika mkono mpaka anakufungulia moyo. Ukitoka, siri ya nyumba yake iko sokoni. Wa pili akija na pole ya kweli anakuta mdomo umefungwa, anasema, "Ana kiburi yule." Kiburi gani? Ameona ushungi kama wako, akakumbuka mshale.

Kila siku mnanililia, "Bibi, siku hizi watu hawaaminiani." Aliyewafundisha ni nani? Hatukutoka matumboni mwa mama zetu tunashuku. Kuna mtu alitujia na nguo ya kheri, na huenda mtu huyo ameketi hapa, tena safu ya mbele, anaitikia amina kuliko wote.

Nguo ya kheri si yako peke yako. Ukiitoboa, umewatobolea na watakaokuja nyuma yako.

Basi tukimaliza dua, najua mtanikimbilia kunishika mkono, kunichukulia viatu, "Bibi, Bibi." Njooni. Lakini mimi ni chewa mzee, wanangu. Sitazami ushungi. Nitatazama mkono ule mwingine, ulioko nyuma.