Jani la Pimbi Lenye Mbele na Nyuma

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nani?
— Pakawa mla!
— Na nani tena?
— Na asiyelika!
— Anayesinzia je?
— Akachote maji!

Haya, sogeeni. Na anayetafuna karanga atafune kimya kimya, maana mimi nikikatizwa nasahau, nikisahau nabuni, nikibuni mama zenu wananilaumu.

Hapo kale palikuwa na Pimbi. Mnamjua Pimbi: mdogo, mnene, hana mkia, nyumba yake miambani. Pimbi huyu alikuwa na watoto watatu, wa kwanza Jiwe, wa pili Kokoto, wa mwisho Changarawe. Aliwazaa kwa mpigo mmoja, masika ya mwaka ule, naye aliwapenda mpaka akawa anawahesabu usingizini.

Na palikuwa na Fisi, mtoza kodi wa mfalme. Kila mwaka, mtama ukishavunwa, Fisi aligawa majani makavu ya mgomba, kila mnyama na jani lake. Jani lilikuwa na swali moja tu: "Mwaka huu umepata nini?" Unajibu kwa mwiba, kwaru kwaru kwaru, unalirudisha. Kisha Fisi anakuja kuchukua fungu la mfalme. Katika kila tatu, moja. Wewe Tatu, usinitazame hivyo, sikusemi wewe.

Sasa, mwanamke akijifungua, kila anayemjia huuliza nini? Si "umepata nini?" Tangu masika Pimbi aliulizwa hivyo mlangoni kwake, naye akijibu. Basi jani lilipomuuliza lile lile, akajibu alivyozoea, kwaru kwaru kwaru: "Nimepata vikapu sita vya mtama. Nimepata watoto watatu, wazima wote, namshukuru Mungu."

Jani likaenda. Fisi akalisoma mara mbili. Akameza mate, gluk.

Kesho yake asubuhi akafika miambani.

"Hodi."

"Karibu, Bwana Fisi."

"Nimefuata fungu la mfalme. Vikapu viwili vya mtama na mtoto mmoja. Nitamchukua yule mnono." Akamwonyesha Changarawe kwa kidevu.

Pimbi akacheka, akidhani ni utani. Alipoona Fisi hacheki, akamvuta Changarawe nyuma yake.

"Bwana wangu, mtoto si mapato."

"Jani lako linasemaje? Nimepata. Kilichopatwa ni pato. Na pato hugawanywa."

"Basi nimekosea. Nipe jani nisahihishe."

Fisi akajikuna shingo. "Kusahihisha kupo, mpaka kesho adhuhuri, ngoma ikilia. Lakini jani nikishalipokea halipunguzwi. Kuongeza, ongeza utakavyo. Kupunguza, hapana. Kesho nikuone na jani, na mtama, na mtoto." Akamtupia jani, akaenda zake akipiga mluzi.

Mtasema, si amshtaki kwa mfalme tu? Mfalme gani? Mfalme alikuwa mbali, na mafungu yake yote yalikuwa yakiishia tumboni mwa Fisi. Kila mtu alijua, na kila mtu alinyamaza.

Pimbi akamkumbatia Changarawe, akalia mpaka akapata kwikwi. Alijilaumu, mkono wake mwenyewe umemwandika mwanawe. Akiwa katikati ya kilio, akasikia zogo huko ndani. Mashangazi watatu wa mumewe walikuwa wanagombania uji. Walikuja kwa siku mbili, na huo ulikuwa mwezi wao wa tano.

Pimbi akanyamaza. Akafuta machozi.

"Kumbe nimepata vingi," akasema. Akachukua mwiba. Kwaru kwaru kwaru.

Siku ya pili foleni ilikuwa ndefu kwa Fisi. Karani Kobe alikaa na kinu chake cha tope la muhuri. Pimbi akaja na vikapu viwili, na Changarawe mgongoni.

"Bwana Fisi, nimekuja kusahihisha. Kuna vitu nilivyopata sikuviandika."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Vingi?"

"Upande mmoja haukutosha. Ikabidi nigeuze jani."

"Tusome kwanza," akasema Kobe, "kisha tupige muhuri."

"Piga muhuri wewe," akasema Fisi. "Mpaka umalize kusoma, ngoma itakuwa imelia."

Pwa, muhuri ukapigwa.

"Na fungu la mfalme anapokea nani?" akauliza Pimbi.

"Mimi, kwa mikono yangu miwili. Kilichopatwa ni nini?"

"Ni pato," foleni ikaitikia kwa unyonge.

"Na pato?"

"Hugawanywa."

Kobe akasoma, neno moja, akapumua, neno la pili. "Nimepata homa. Siku tisa sikutia kitu mdomoni." Akahesabu kwa vidole. "Siku tatu za kushinda na kulala njaa, za Bwana Fisi."

"Ala! Homa nayo?" akasema Fisi.

"Kilichopatwa?" akauliza Pimbi.

"Ni pato," ikajibu foleni, safari hii kwa sauti.

Kobe akaendelea. "Nimepata wageni. Mashangazi watatu wa mume wangu. Shangazi mmoja, wa Bwana Fisi."

"Nitamleta jioni na mkeka wake," akasema Pimbi.

Fisi akauliza polepole, "Anakula sana?"

"Hali sana. Husema. Huanza alfajiri."

"Nimepata mateke," akasoma Kobe. "Mateke thelathini ya Punda Milia, nilipompita nyuma bila kupiga hodi. Kumi, ya Bwana Fisi."

Punda Milia alikuwa wa nne kwenye foleni. Hakukumbuka kumpiga Pimbi hata teke moja. Lakini alikumbuka vikapu saba alivyochukuliwa mwaka jana badala ya vinne. Akatoka mstarini bila kuambiwa, akageuka, akakunja mguu.

Pu! Fisi akaenda biringi biringi.

"Moja," akahesabu Kobe.

Pu!

"Mbili," ikahesabu foleni.

"Futa!" akalia Fisi. "Futa jani hilo."

"Halipunguzwi," akasema Kobe. "Ulisema mwenyewe."

Pu!

"Tatu."

Tatu, nimeshasema si wewe.

"Basi sikilizeni," akasema Fisi, amejishika mbavu. "Pato si kila kilichopatwa. Pato ni kile kinachoingia ghalani. Vingine vyote ni vya mwenyewe. Andika, Kobe, andika upesi."

"Homa?"

"Ya mwenyewe."

"Shangazi?"

"Wa mwenyewe, wa mwenyewe kabisa."

"Na mtoto?" akauliza Pimbi taratibu.

Fisi akamtazama Changarawe. Akautazama mguu wa Punda Milia, bado umekunjwa. "Wa mwenyewe."

"Nisome na nyuma ya jani?" akauliza Kobe.

"Usiligeuze."

Pwa, muhuri. Ndu ndu ndu, ngoma ikalia. Pimbi akaacha vikapu viwili, kodi yake halali, akarudi miambani na mwanawe mgongoni. Roho ilimtua. Akawahesabu: Jiwe, Kokoto, Changarawe. Akawahesabu tena, kwa raha tu. Kisha akaketi.

Nyuma ya jani hapakuwa na neno hata moja.

"We Pimbi," mashangazi wakaita kutoka ndani, "umepata nini huko?"

"Sijapata kitu," akajibu Pimbi.

Mnataka funzo? Haya, funzo. Ukikosea kwenye jani la mfalme, tulia na kosa lako, usirudi kusahihisha, utawasumbua wakubwa bure. Tena mjue Fisi ana huruma, maana alimwacha mtoto wa watu bila kulazimishwa na yeyote.

Hadithi yangu imeingia ghalani. Aliyeipata ameipata, wala haigawanywi.