Sketi ya Sikudhani

Mcheza ngoma hapimwi kasimama. Mmemsikia mjomba wenu akiyasema maneno hayo kwenye kikao cha posa, wazee walipotaka kumkataa yule kijana kwa kuwa tu ni mkimya, na sasa mwaniuliza yalitoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalianzia hapa hapa Tanga, Ngamiani, chumbani kwa fundi cherehani aliyeitwa Bi. Hadia.

Bi. Hadia alisifika kwa magauni ya jioni, yale marefu yanayoushika mwili tangu mabegani hadi magotini, ambayo wanawake huyavaa kwenye karamu. Alikuwa na karatasi zake za kukatia, alizozichora mwenyewe, na gauni lililokatwa kwa karatasi hizo lilimkaa mtu kama amezaliwa nalo. Alikuwa mcha Mungu na mkweli, lakini neno likishamwingia moyoni, kulitoa ilikuwa kazi.

Mwaka mmoja Sikudhani alirudi kutoka Maskati, alikokwenda kufanya kazi za nyumbani. Alikuta mama yake amekwisha kuzikwa, na mdogo wake, Tunu, amechumbiwa. Ikajulikana mtaani kwamba huko alikokuwa alijifunza ngoma ya tumbo, ile wanayoicheza wanawake wa Kiarabu harusini, wenyewe kwa wenyewe. Watu wakaongeza yao. Wakasema hakuwa jikoni kwa mtu, alikuwa akiwachezea wanaume. Sikudhani hakumjibu yeyote. Alimwahidi mdogo wake jambo moja tu, kwamba kwa kuwa mama hayupo wa kumchezea bintiye siku ya harusi, atamchezea yeye.

Akaenda kwa Bi. Hadia na kitambaa cha hariri cha zambarau, akamweleza anachotaka: sketi na blauzi fupi, nyepesi, zenye shanga. Bi. Hadia aliipokea kazi kwa sababu alimjua marehemu mama yake. Lakini maneno ya mtaani alikuwa ameyasikia na kuyaamini. Alimpima haraka haraka, juu ya baibui, macho yake yako dirishani. Sikudhani alisimama wima, kimya. Alipoondoka, Bi. Hadia alitoa karatasi ya gauni lake la jioni, akaikata katikati, penye kiuno. Ya juu ikawa blauzi, ya chini ikawa sketi. Akatia shanga, akaona yatosha.

Siku ya kupaka hina, wanawake walipokusanyika, Sikudhani aliingia akicheza. Mkanda wa sketi ulimkaba kiunoni, na kila alipozunguka alikunja uso. Watu wakadhani ni maringo. Mara akapiga hatua ndefu, sketi nyembamba ikamzuia, na mshono wa ubavuni ukafumuka hadi pajani. Mtu akacheka. Mwanamke mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika, kuwa hayo ndiyo mambo ya Maskati. Tunu alikuwa na hina mbichi mikononi, hata machozi hakuweza kujifuta. Sikudhani akajifunga kanga, akatoka.

Asubuhi yake, siku yenyewe ya harusi, alikwenda kwa Bi. Hadia na ile sketi. Habari zilikwisha kumfikia Bi. Hadia, naye alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Akaanza yeye: kitambaa kilikuwa dhaifu, na karatasi zake hazijapata kumwaibisha mtu. Sikudhani alimwacha amalize.

"Mama," alisema, "sikuja kugombana. Gauni lako ni la mtu anayesimama na kuketi, na mimi leo alasiri nacheza. Nakuomba unitazame mara moja tu. Ukiona haiwezekani, nitakwenda zangu."

Akafunga mlango, akavua baibui, akaipandisha blauzi yake hadi mbavuni, akajifunga kanga nyongani, akaanza. Hapakuwa na ngoma wala zumari. Bi. Hadia alitazama, maana chumba kilikuwa kidogo na hapakuwa na pengine pa kutazama. Aliona mabega yaliyotulia na nyonga zinazokwenda taratibu, na uso mzito, kama wa mtu anayebembeleza mgonjwa. Alitafuta uchafu aliosikia watu wakiusema, hakuuona. Ndipo akaliona kovu. Lilianzia chini ya mbavu, pana, limekunjamana, likazunguka hadi kiunoni, mahali pale pale alipopitisha mkanda.

"Nini hiki, mwanangu?"

"Mafuta ya moto. Yalinimwagikia jikoni, mwaka wangu wa kwanza."

Sikudhani akaendelea, bila kupandisha sauti. Kidonda kilipofunga, ngozi ilianza kukakamaa, akawa hawezi kuinama wala kujipindua. Bibi mmoja mzee wa nyumba ile ndiye aliyemwinua kitandani kila siku na kumfundisha ngoma hiyo, mwili usije ukaganda. Aliicheza huku akilia, mpaka ikafika siku akaicheza bila kulia.

"Mbona hukuniambia nilipokuwa nakupima?"

"Hukuwa ukinitazama, mama."

Bi. Hadia alitandika karatasi mpya mezani. Safari hii hakumwambia Sikudhani asimame wima; alimwambia ainame, azunguke, anyanyue mikono, na katika kila mkao alipitisha futi. Mkanda akaushusha nyongani, chini ya kovu, akautia lastiki laini. Sketi akaikata upya kwa hariri iliyobaki, kitambaa amekilaza mshazari ili kifuate mwili, na kuanzia magotini akaongeza vipande vya pembe tatu hadi pindo likawa pana. Chini ya blauzi akateremsha kitambaa chembamba cha kusitiri tumbo, jambo ambalo hakuombwa. Akashona mfululizo hadi adhana ya alasiri.

Sikudhani alimchezea mdogo wake. Alicheza kwa utulivu, sketi ikimfuata kila alikogeuka, na minong'ono ikafa mmoja mmoja hadi zikabaki ngoma peke yake. Tunu aliinuka kitini, jambo ambalo bibi harusi halifanyi, akaenda kumkumbatia dada yake, wakalia wote wawili. Wanawake watu wazima nao wakajifuta macho.

Yule mwanamke aliyesema mambo ya Maskati alikuwa ameketi karibu na Bi. Hadia. Alimwinamia akamwambia kuwa hakujua binti yule ana heshima kiasi kile.

"Hata mimi sikujua," Bi. Hadia alisema, macho yake hayakubanduka kwa Sikudhani. "Nilimpima, nikadhani nimemaliza. Mcheza ngoma hapimwi kasimama."