Ndege Iliyokalia Mkia

"Ndege isiyotiwa uzito puani hukalia mkia." Leo mmeisikia kwa mwenyekiti wa kwaya, mkacheka mpaka mkashikana mabega, kisha mkaja kuniuliza ni ndege gani hiyo yenye pua. Mwenyekiti hakuwa anawachekesha. Alikuwa anawaambia kwamba sare za tamasha mmekwisha kuzishona, na hata wimbo mmoja hamjaumudu. Lakini methali hii haikuzaliwa kwenye kwaya. Ilizaliwa nyumbani kwa shemeji yangu, mimi nikiwa nimekaa pale pale mezani. Basi tulieni, na wewe Bosco weka hiyo simu mfukoni, niwaeleze ilivyoanza.

Shemeji yangu aliitwa Aidan Haule, kaka mkubwa wa mume wangu Kasian. Alikuwa fundi wa ndege ya misheni ya Litumbi. Ilikuwa ndege ndogo ya injini moja, yenye gurudumu moja chini ya pua na mawili chini ya mabawa. Ndiyo iliyompeleka daktari kwenye vijiji ambavyo gari hufika kiangazi tu. Marubani walibadilika, madaktari walibadilika, fundi akabaki Aidan. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Ukimkaribisha chai ya asubuhi, ujue na ugali wa mchana utampikia.

Kisha akapata presha ya macho. Kuona kukapungua kidogo kidogo, na kufikia miaka ya kustaafu alikuwa haoni kitu. Daktari alimwambia wazi kwamba macho hayatarudi. Ndege yenyewe ilikuwa imekwisha kuuzwa. Aidan akanyamaza. Alishinda chumbani, akila kidogo, akijibu "ndiyo" na "hapana" kama mtu aliye mahakamani. Kilichotutisha zaidi ni kwamba alianza kugawa vifaa vyake vya kazi. Kila aliyekuja kumjulia hali aliondoka na spana au koleo. Binti yake Gaudensia alinijia jikoni akilia.

"Mama mdogo, baba anaaga," aliniambia. "Hasemi, lakini anaaga."

Hata mimi niliona hivyo.

Huyu Gaudensia alikuwa msusi, na kibanda chake kilikuwa sokoni. Mikono yake mnaijua nyinyi wenyewe, maana wengi wa mama zenu walisukwa naye. Basi rubani mmoja wa zamani alisikia habari za Aidan, akamtumia Gaudensia boksi. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki vya kuunda ndege ya aina ile ile, ndogo ya kuweka mezani. Gaudensia akaamua kuiunda. Alitaka baba yake aishike tu. Alitumaini kwamba mikono ile ikiishika ndege, itamkumbusha mwenyewe kwamba bado yupo duniani. Hakuwa na tumaini lingine.

Nilimtazama akifanya kazi ile, na nilijifunza mengi. Vipande vilikuja vimeshikamana na fremu, vidogo vingine kama punje ya mtama. Mimi ningevinyonga kwa vidole vikatoka vimevunjika. Yeye aliosha fremu zote kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kisha akakata kipande kimoja kimoja kwa kikata kucha, akiacha kijisehemu cha shina lililokishika kwenye fremu, na kile kijisehemu akakimaliza kwa msasa laini. Hakukata kipande kabla ya kukihitaji, maana punje ya mtama ikidondoka sakafuni ndiyo kwaheri.

Gundi nayo hakuikimbilia. Kila kipande alikijaribu kwanza bila gundi, akatazama kama kinakubali mahali pake. Kikikataa, alisugua palipozidi, akajaribu tena. Nusu mbili za mwili wa ndege alizikutanisha, akazibana kwa vibanio vya nguo, halafu akagusa ufa kwa ncha ya brashi yenye gundi kidogo tu, na gundi ikajipenyeza yenyewe. Ilipokauka alisugua kiungo kwa msasa na maji, siku baada ya siku, mpaka usingejua kwamba palikuwa na nusu mbili. Rangi alipaka nyembamba nyembamba, tabaka likauke ndipo lije lingine. Mtu mwenye haraka hupaka nene, na nene hutiririka na kuziba kila kitu.

Sasa, karatasi ya maelekezo ilikuwa ya picha, na maandishi yake ya Kijapani. Karibu na pua ya ndege palichorwa jiwe la mizani. Gaudensia alikulia sokoni. Kwake jiwe la mizani lilikuwa jambo la wauza mchele. Akadhani wanamwambia ndege ikikamilika itakuwa na uzito gani, akageuza ukurasa, akafunga mwili wa ndege ukiwa mtupu. Na hakugundua, kwa sababu alipokuwa akipaka rangi aliichomeka kwenye kijiti. Magurudumu aliyabandika mwisho kabisa, akaiacha ikauke ikiwa chali.

Jumapili baada ya misa tulikusanyika kwa shemeji, mimi na Kasian. Gaudensia alimshika baba yake mkono akamtoa chumbani, jambo lililochukua maneno mengi, akamkalisha mezani. Ndege ilikuwa nzuri jamani. Nyeupe, na mstari wa buluu ubavuni, kama ile ya misheni siku ilipotua mara ya kwanza. Machozi yalinilenga.

"Baba, nyoosha mikono," Gaudensia alisema. "Ndege yako imekuja."

Akaiweka mezani kwa mara ya kwanza kwa magurudumu yake. Pua ikapanda juu, na mkia ukagonga meza. Gaudensia akaishusha pua kwa kidole. Alipoachia, ikapanda tena. Ilikaa pale kama mbwa anayesubiri mfupa.

Mume wangu Kasian, ambaye tangu kuzaliwa hajui kunong'ona, akanong'ona, "Weka njiti ya kiberiti chini ya mkia. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Aidan akasema.

Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kufika. Vilipita juu ya mabawa, vikazunguka pua, vikarudi taratibu mgongoni mpaka mkiani, vikakuta mkia umelala mezani. Uso wake ukakunjamana.

"Mabawa yako sawa," alisema. "Kiungo sikihisi hata kwa kucha, umesugua vizuri. Lakini ndege yangu haikukaa hivi hata siku moja."

Niliona anataka kurudisha mikono mapajani, nikaogopa kwamba tumempoteza. Nikaropoka, "Lakini rangi yake, shemeji! Nyeupe na buluu, kama ile ile!"

"Rangi mmewawekea wenye macho, Ponsiana. Mimi nitaijua kwa inavyosimama."

Kwa kweli hakuna aliyekuwa amewaza hivyo. Gaudensia alifunika uso kwa viganja.

"Nimeiharibu, baba," alisema. "Na nimekwisha kuifunga."

Nilitegemea shemeji atasema "haidhuru", arudi chumbani kwake. Badala yake aliivuta ndege karibu, akaigonga pua kwa ukucha na kutega sikio.

"Humu ndani uliweka nini?"

"Sikuweka kitu."

"Ndiyo shida yake. Ile ya kweli ina injini puani, chuma kitupu. Hii yako umeijaza hewa. Ndege isiyotiwa uzito puani hukalia mkia, mwanangu. Hata ile yetu, wakipakia magunia yote nyuma, ilikuwa inataka kuinua pua. Hawakukuandikia?"

Gaudensia alimweleza habari ya lile jiwe la mizani. Aidan alisikiliza mpaka mwisho, mabega yake yakaanza kutikisika.

"Ulidhani wanauza ndege kwa kilo?" aliuliza, na akacheka. Kile kicheko. Nilikuwa nimekisahau. Kasian alinitazama, nami nikamtazama, tukaogopa hata kucheka naye, tusije tukakikatiza.

Kisha akaacha kucheka, akasema, "Basi ifungue."

Gaudensia aliinyakua ndege akaikumbatia kifuani. Mngemwona mngemhurumia. Kiungo kile alikisugua mpaka ngozi ya vidole ikachubuka.

"Baba, si bora tuweke hiyo njiti?"

"Njiti ukiiondoa, inaanguka. Utakuwa umenipa ndege yenye mkongojo, na mimi mkongojo wangu ninao. Ifungue, Gaude. Nitakuelekeza, hutaivunja."

Basi kazi ikaanza. Kasian alitumwa kwa fundi baiskeli kuomba gololi za magurudumu, akaenda bila ubishi, kwa sababu alijua ushauri wake ulikuwa wa ovyo. Aidan alimwambia binti yake asifungue popote kwanza. Achukue utepe, azibandike gololi kwa nje, juu ya pua, aongeze moja moja. "Usitie uzito kwa kubahatisha," alisema. "Pua itakwambia yenyewe imetosha lini." Gaudensia akaongeza moja, pua ikabaki juu. Akaongeza nyingine na nyingine. Ghafla pua ikashuka, gurudumu la mbele likagusa meza.

"Imeshuka, baba!"

"Ongeza moja ya akiba. Inayotosha kwa shida, mtu akipiga meza kwa furaha itainuka."

Ndipo akamwambia apitishe ncha ya kisu chembamba tumboni mwa ndege, nyuma tu ya gurudumu la mbele, pale kiungo kinapopita. Asilazimishe. Apitishe mara nyingi kwa wepesi, kama anayepasua njia ya nywele kwa kitana. Aidan mwenyewe aliishika ndege kwa mikono miwili, na ile mikono iliyokuwa ikitetemeka hata kwa kikombe cha uji haikutetemeka. Plastiki ikaachia. Wakaziingiza gololi moja moja, wakazishikiza kwa gundi ya kuchanganya ile ya mafundi bomba, zisije zikacheza ndani na kulia kama kayamba. Muda wote huo shemeji alikuwa akisema. Alimsimulia habari za mama aliyejifungulia angani, na za rubani aliyekuwa anaogopa kuku. Mimi na Kasian tulikaa tu tukisikiliza.

Ilipokauka, Gaudensia akaiweka mezani. Ikasimama. Aidan akaukandamiza mkia kwa kidole mpaka ukashuka, akauachia, na pua ikarudi chini yenyewe, tap. Akarudia tena na tena kama mtoto. Halafu akamtafuta binti yake kwa mkono, akamshika shavu.

"Gaude," alisema, "hata mimi nilikuwa nimekalia mkia."

Mimi nililia waziwazi, sioni aibu kuwaambia.

Tangu siku ile shemeji alihamia barazani. Wapita njia walipouliza habari za ndege iliyokuwa mbele yake, aliwapa waikandamize mkia, kisha akawaambia yale maneno. Gaudensia naye akayapeleka sokoni, na mnajua kibanda cha msusi, neno likiingia asubuhi, jioni liko mtaa wa tatu. Kijana akitaka kuoa na hajamjua mwenzake vizuri, aliambiwa. Mtu akipaka duka rangi na ndani hana bidhaa, aliambiwa. Leo mmeambiwa nyinyi.

Tumboni mwa ndege ile liliachwa kovu mahali walipofungua. Gaudensia ana msasa na ana rangi, angelimaliza kwa siku moja. Nilipomuuliza kwa nini hakulifuta, alinijibu kwamba baba yake anapenda kulipapasa. Alisema ndipo mahali pekee kwenye ndege nzima walipofanya kazi pamoja.

Kwa hiyo msiende mmekunja nyuso kama watu waliotukanwa. Sikuwaambia hadithi ya ndege iliyoharibika, nimewaambia hadithi ya ndege iliyosimama. Kinachokusimamisha huwekwa ndani, mahali ambapo hakuna atakayepasifu, na huwekwa kabla ya rangi. Lakini ukisahau, kiungo hufunguka. Kitakuuma, kitaacha kovu, na utasimama. Haya, Bosco, itamke wewe, na safari hii usicheke.

"Ndege isiyotiwa uzito puani hukalia mkia."