Hondohondo na Begi la Bibi Harusi

Ndugu zangu, na nyie kina mama huko nyuma ya pazia, sogeeni kidogo. Leo darsa letu ni la mume na mke, na najua wanaume wengi mmekuja mkidhani nitawasema wanawake. Poleni sana. Tulieni kwanza niwape mfano.

Kulikuwa na seremala mmoja katika kijiji kilicho chini ya mlima wenye msitu. Kijana mzuri, mtu wa swala, mkono wake mwepesi kwenye randa, na alikuwa amechumbia. Ila alikuwa na ugonjwa wake. Wengine ugonjwa wao ni mpira, wengine ni bao. Yeye alikuwa mgonjwa wa ndege. Si wa kula, wa kutazama. Akisikia kitu kimelia juu ya mti, anauacha msumeno katikati ya ubao, anachukua darubini yake, anapotea. Wateja walishamzoea. Mtu akija kudai meza yake akakuta karakana iko wazi na msumeno umening'inia kwenye ubao, anajua leo kuna ndege mgeni, anarudi zake nyumbani.

Basi harusi ikakaribia. Bibi harusi akawekwa ndani kama ilivyo desturi yetu: mlango umefungwa, dirisha limeegeshwa, yumo yeye na somo yake, yaani kungwi wake, anasingwa liwa ya kunukia na kufundwa, na haruhusiwi kuonekana na mtu. Na bwana harusi alitakiwa afanye nini? Kwanza amalize kitanda, maana aliapa mbele ya wakwe kwamba binti yao hatalalia kitanda cha dukani. Halafu apeleke begi la bibi harusi, lile la kanga na viatu na manukato, ambalo wanawake hulifungua mbele ya watu na kupigia vigelegele kila kinachotoka. Hayo tu.

Kitanda kikafika miguu mitatu. Ndipo hondohondo wakaanza kutaga.

Mnamjua hondohondo? Yule ndege mwenye mdomo mkubwa, utadhani ameuazima. Akitaka kutaga, jike huingia kwenye tundu la mti, mlango ukakandikwa udongo, ukabaki ufa mwembamba tu. Humo ndani jike hana pa kwenda. Anayemlisha ni dume. Kutwa dume yuko njiani, anakwenda anarudi na matunda mdomoni, anampitishia mwenzake kwenye ule ufa. Seremala wetu alipoliona jambo hili, wallahi alilia. Na kila aliyekutana naye alisimuliwa. Muuza mihogo alisimuliwa. Imamu wao alisimuliwa huku anatia udhu, maji yanamchuruzika viwikoni.

Shangazi yake, aliyekuwa ndiye msimamizi wa harusi, akamwendea karakana.

"Baba, mguu wa nne uko wapi?"

"Shangazi, yule dume jana kaja na matunda mdomo umejaa, na yeye mwenyewe hakula hata moja! Kampa yote mkewe!"

"Na wewe mkeo utamlaza wapi? Kwenye hayo matunda?"

"Nitamaliza, shangazi. Makinda wakitoka tu."

Sasa lile begi. Dukani mabegi yale yalikuwa yanauzwa mawili mawili, ya kitambaa cha maua mekundu. Katika moja shangazi alipanga vitu vya bibi harusi, akapanga akapangua mpaka akaridhika. La pili kijana akalichukua kwa vitu vyake vya msituni. Yote mawili akayasukuma chini ya kile kitanda cha miguu mitatu. Naona kuna watu wameshaanza kucheka. Ngojeni, bado hatujafika.

Asubuhi ya siku ya kupeleka begi, kijana aliamka mapema akajisemea, nachungulia mara moja, narudi. Akapapasa chini ya kitanda, akavuta begi, akajitwika, huyo msituni. Shangazi alipofika na wenzake na matari yao, akakuta begi limebaki moja. Atauliza nini? Akalibeba.

Kijana alifika chini ya mti wake wakati dume anatua. Akafungua zipu haraka haraka atoe darubini, akakutana na harufu ya udi. Akatia mkono, akatoa kiatu cha kike cha rangi ya dhahabu. Akatia tena, akatoa mwenzake. Hapo mimi na wewe si tungepiga mbio? Yeye akatazama njia ya kurudi, akatazama juu, na juu dume alikuwa anainama kwenye ufa. Akaona amalizie. Tena ndege asije akamwona, akatoa doti mpya ya kanga ya bibi harusi, akajifunika gubigubi.

Akiwa humo ndani ya kanga akasikia matari huko bondeni. Akasikia vigelegele. Vikapanda, vikapanda, halafu vikakatika ghafla, na matari nayo yakanyamaza.

Ndipo akili ikamrudia.

Huko kwa wakwe, kama alivyokuja kusimuliwa, na amesimuliwa kwa miaka, somo alifungua begi mbele ya umati akainua cha kwanza juu. Waliokaa nyuma wakapiga vigelegele kabla hawajaona ni nini. Lilikuwa buti la mpira lenye tope. Akatoa la pili. Akatoa kofia iliyoshonewa majani. Akatoa kipande cha muhogo wa kuchoma kilichokauka. Shangazi mtu alitafuta pa kuuficha uso. Mwisho ikatoka darubini, na bibi mmoja wa upande wa binti akauliza kwa sauti, hii sasa ni ya kumtazamia nani? Mama wa bibi harusi akasimama. Akasema hakuna begi lililopokelewa, na begi lisipopokelewa hakuna harusi.

Kijana alishuka mlima mbio, begi kichwani, kanga imemzonga shingoni. Mbele ya nyumba hakuthubutu kupita. Akazungukia uani, akasimama chini ya dirisha la bibi harusi. Lilikuwa limeegeshwa, umebaki ufa tu.

"Ni mimi," akasema.

"Tunajua ni wewe," somo akamjibu kutoka ndani. "Nani mwingine atakuja hapa amejifunga kanga?"

"Somo, nimekosea. Mabegi yanafanana."

Bibi harusi mwenyewe akasema, "Mabegi yaache. Nieleze huyo ndege."

Jamani, mgonjwa anaombwa aueleze ugonjwa wake! Alisahau hata kwamba ana kesi. Akaeleza jike anavyofungiwa, asivyo na mwingine wa kumtegemea. Akaeleza dume anavyohangaika jua na mvua bila kusahau. Alieleza vizuri mno. Wanawake waliokuwa uani wakasogea, na mama mkwe naye akatega sikio.

"Maskini," bibi harusi akasema. "Na huyo jike humo ndani anajuaje kama dume atarudi?"

"Hajui. Anangoja tu."

"Na dume, akiwa njiani na chakula cha mkewe mdomoni, hutua kwenye mti mwingine akatazama dume mwenzake anavyolisha?"

Kijana akautazama mkono wake, bado umeshika kiatu kimoja cha dhahabu. Akalitazama dirisha, na ule ufa. Aliona haya, haya ya kweli.

"Hapana," akasema. "Hatui."

"Haya. Lete kiatu."

Akakipitisha kwenye ufa. Akapitisha cha pili, akapitisha kanga, manukato, udi, kimoja kimoja, na hapakuwa na kigelegele hata kimoja. Alipomaliza akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kurudishiwa darubini yake.

"Inabaki huku," alisema bibi harusi. "Dirisha hili linaangalia karakana yako. Nenda kamalizie kitanda, nikutazame. Nikiona mguu wa nne umesimama, nitamwambia mama begi limepokelewa."

Siku hiyo msumeno ulisikika mpaka adhana ya magharibi. Ndege walilia, na hakuinua kichwa.

Mmecheka. Sasa tuje kwetu sisi.

Sisi tunapenda sana kutazama. Tukisimuliwa jinsi Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alivyokuwa mpole kwa watu wa nyumbani kwake, tunatikisa vichwa, tunasema subhanallah, na wengine humu nimewaona mnafuta machozi kwa mkono wa kanzu. Vizuri. Kisha mtu anafika nyumbani, mkewe amelala na homa, anamwamsha ampakulie chakula ili apate nguvu ya kumsimulia darsa! Tunatumiana kwenye simu maneno mazuri ya kuwahurumia wazazi, na mama mzazi anapiga simu hiyo hiyo, tunamkatia ili tumalize kusoma.

Yule seremala hakuwa mtu mbaya. Hakwenda kwenye ulevi, hakwenda kwa mwanamke mwingine. Alikwenda kutazama wema, na akaupenda kwa moyo wake wote, huku chakula cha mwenzake kiko mikononi mwake.

Na wewe je? Wewe unayenitazama hapo mbele, na wewe pale kwenye nguzo unayekwepa macho yangu. Nyumbani kwako nani yumo ndani anangoja? Ni mke? Ni mzee wako asiyeweza tena kutoka kitandani? Ni mtoto uliyemwambia utakuja? Unamjua. Nimemtaja tu, na sura yake imekujia.

Nimemaliza. Leo msinizunguke mlangoni kuniambia darsa limekuwa tamu. Kila mmoja wetu achukue viatu vyake aende nyumbani, na asitue njiani.