Swali la Pili

Wapendwa, asubuhi hii naona mmekuja na masweta, na wengine mmejitanda mashuka mpaka puani. Julai ya Moshi imetukamata. Na mlipokuwa mnapanda kuja hapa Kibo ilikuwa wazi, nyeupe pee, mkasimama njiani mkasema, "Tazama mlima ulivyopendeza." Sisi theluji tunaijua hivyo, kwa macho, kutoka mbali, chai ikiwa mkononi. Leo nataka niwapeleke ndani yake. Na niseme mapema, hadithi yenyewe si tamu. Aliyekuja kusinzia amekosea ibada.

Kulikuwa na baba mmoja, mtu wa huku huku kwetu, aliyekwenda kuishi Marekani. Alikaa kusini, kwenye joto, miaka sita. Kisha akapata kazi nzuri zaidi kaskazini, mbali kweli, safari ya siku tatu kwa gari. Akaamua kuhama na watu wake wote: mkewe, binti zake wawili wadogo, na mama yake mzazi, ambaye alikuwa amemleta kutoka kijijini miezi mitano tu kabla ya hapo. Mama umri umekwenda, halafu ana sukari. Dada zake, waliobaki kijijini, hawakuwa wametaka kabisa mama aondoke. Walimwambia, "Kaka, tumekukabidhi mama. Huko sisi hatufiki. Akikohoa hatutamsikia." Naye akawaapia kwamba mama hataguswa na kitu chochote maadamu yeye yupo.

Basi wakapakia gari. Mnajua tunavyopakia sisi! Masufuria, miiko, godoro, na kinu. Ndiyo, kinu, usinicheke wewe mzee, wewe mwenyewe ulihama kutoka Dar na kuku. Gari lilikuwa la safu tatu za viti. Baba yule akamfungulia mama mlango wa mbele, kama adabu inavyotaka, lakini mama akakataa katakata. "Mbele akae mke wako akusomee njia. Mimi niacheni nyuma na mizigo, nitasinzia zangu." Akapenya huko nyuma kabisa, katikati ya mabunda. Joto la gari lile lilitokea mbele. Mabinti wa kiti cha kati walilipata nusu. Mama wa nyuma alilisikia kwa kusimuliwa.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Watoto waliimba mpaka sauti zikawakauka. Siku ya tatu ndipo walipoingia milimani, na theluji ikaanza, kwanza kidogo kidogo kama unga unaomwagika kwenye chekecheo, halafu ikashuka yote kwa pamoja. Baba yule hajawahi kuendesha kwenye kitu kama hicho maisha yake yote. Kituo cha mwisho cha mafuta mkewe alisema wajaze tangi, yeye akasema watajaza upande wa pili. Wanaume tuna ugonjwa huo, tuombeeni. Sasa kashika usukani kwa mikono miwili, jasho linamtoka, hageuki kulia wala kushoto. Ila kila baada ya muda anapaza sauti:

"Mama, hali yako huko?"

"Nzuri, mwanangu. Wewe endesha."

Naye roho inatulia, anaendesha. Sasa niambieni, mtoto huyo ana kosa gani? Anamkumbuka mama yake au hamkumbuki?

Saa sita mchana gari likateleza. Halikupinduka, Mungu alisaidia. Liliserereka polepole likatoka barabarani, likasimama wima pembeni, taa zinawaka, injini inanguruma, lakini matairi yanazunguka bure. Wakashuka kusukuma. Na mama akashuka! Nani angemzuia? Mama wa Kichaga aone gari limekwama akae ndani kama bibi harusi? Alishuka na raba zake za kitambaa akazama mpaka juu ya vifundo, akasukuma kama amekodishwa. Gari halikutikisika. Wakarudi ndani wanahema. Simu haina mtandao. Na magari mengine hayaji, maana kumbe huko nyuma njia ilishafungwa.

Walikaa kama saa nzima. Ndipo wakaona greda kubwa linakuja, lile la kusukuma theluji, taa za njano zinazunguka juu. Watoto wakapiga makofi, mkewe akasema, "Ahsante Yesu." Greda likapunguza mwendo likasimama sambamba nao. Dereva akashusha kioo akauliza kwa Kiingereza chao:

"Vipi, mko salama?"

Wapendwa, hebu simameni hapo. Mimi nikija kwako nikakuta umefiwa, turubai limeshafungwa uani, watu wanalia, nikasema, "Habari za hapa?" utanijibu nini? Utasema, "Nzuri, Mchungaji." Nzuri! Na maiti iko ndani! Kisha nitakaa, nitauliza tena, "Habari za tangu juzi?" hapo ndipo utavuta pumzi useme, "Nzuri kidogo, ila tumeondokewa na baba." Ndivyo tulivyolelewa. Jibu la kwanza ni adabu. Habari yenyewe inakuja kwenye la pili. Anayeropoka shida yake kabla hajajibu salamu, tunasema huyo hakufundwa.

Baba yule alilelewa vizuri. Akainua dole gumba, akatabasamu, akajibu, "Salama, salama kabisa! Ahsante!" Akawa anavuta pumzi, anangoja aulizwe la pili.

Yule dereva akasema, "Safi," akapandisha kioo, akaondoka. Alikuwa na kilomita nyingi za kusafisha. Kwao ukiulizwa umejibu, umejibu.

Baba akafungua mlango, akakimbilia greda anapunga mikono, akaanguka, akainuka, likapotea kwenye ule weupe. Akarudi amelowa. Mkewe anamtazama.

"Baba Faraja, umemwambia nini yule mtu?"

"Nimeitikia salamu."

"Umeitikia salamu! Tunakufa hapa na watoto, wewe unaitikia salamu!"

Saa nane mafuta yakaisha, injini ikanyamaza. Baridi iliingia hata haikubisha hodi. Wakawakumbatia watoto, wakawafunika kila walichonacho. Blanketi moja likatokea nyuma, limepitishwa juu ya kiti. "Wafunikeni hao," mama akasema. Baba akalipokea.

"Na wewe mama? Hali yako?"

"Nzuri, mwanangu. Wafunike watoto."

Akawafunika watoto. Halafu akaendelea na kazi aliyokuwa nayo moyoni, kumlaani yule dereva. Mtu gani yule! Mzungu gani asiye na huruma! Anaona familia imekwama porini, ina watoto wadogo, anauliza nusu neno anaondoka! Hata kushuka? Hata kuchungulia ndani? Alimlaani saa tisa, akamlaani saa kumi. Katikati ya laana hizo aliuliza mara mbili zaidi, "Mama, uko sawa?" na mara mbili akajibiwa kuwa ni sawa, na mara mbili akarudi kwenye laana yake.

Jioni, mwanga ukiwa bado upo kidogo, greda lilelile likarudi. Dereva alipoona madirisha yameziba kwa barafu kwa ndani, akaruka chini akaufungua mlango kwa nguvu. Baba akamvaa kwa maneno.

"Wewe! Ulituona! Ulituacha tufe!"

Mzungu yule machozi yalimlengalenga. "Nilikuuliza," akasema. "Nilisimama nikakuuliza!"

Wakaitiwa msaada, wakafikishwa hospitali. Watoto walipewa uji wa moto wakacheka. Mke alikuwa mzima. Mama walimbeba. Walipomvua raba, soksi ilikuwa imegandana na ngozi, na vidole vilikuwa vyeupe, vigumu, havimwumi hata vikibonyezwa na kalamu. Kwa mtu mwenye sukari hilo ni hatari, daktari hakuwaficha. Walijaribu wiki tatu. Wiki ya tatu mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti, na wa kushoto ukaondolewa vidole vyote vitano.

Siku ile mama alipoamka kutoka kwenye dawa ya usingizi, mwanawe alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, analia kama mtoto. Amewapigia dada zake. Mmoja alikata simu, na hajapokea tena mpaka leo. Akamshika mama mkono.

"Mama, miguu ilianza kufa ganzi lini?"

"Tulipotoka kusukuma gari."

"Saa sita! Mama! Kwa nini hukusema? Nilikuuliza! Mara ngapi nilikuuliza?"

Mama akamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Uliniuliza, mwanangu. Kila mara nikakujibu nzuri, kama watu. Nikawa nangoja uulize tena papo hapo, ugeuke unione, nikwambie viatu vimelowa. Hukugeuka. Nikasema moyoni, ah, ameulizia njiani tu, ana mambo mengi."

Mnamsikia mama huyo?

Mlikuwa mmeshamkasirikia yule dereva wa greda. Msikatae, niliwaona, kuna mama hapa kwenye benchi la pili alisema "Ayaa!" kabisa. Lakini dereva yule alikuwa mgeni kwetu. Hajui kwamba nzuri ya kwanza si habari. Huyu mtoto alijua. Amelelewa nayo, ameinyonya kwa mama huyo huyo. Yeye mwenyewe alidai kuulizwa mara ya pili na mtu asiyemfahamu, akamtukana mchana kutwa kwa kutouliza, na mita mbili nyuma ya kisogo chake mama yake anangoja swali hilo hilo, miguu inakufa.

Na sisi? Msiangaliane, nawaambia sisi. Sisi tunajifanya watu wa kujaliana. Tunaulizana mno! Hakuna kabila duniani linaloulizana habari kama sisi: za asubuhi, za kazi, za watoto, za ng'ombe. Jumapili iliyopita, pale mlangoni, niliwashika mikono watu zaidi ya mia mbili kwa robo saa. Mimi mchungaji wenu. "Bwana asifiwe, habari za wiki?" "Nzuri, Mchungaji." Na kabla hajamaliza "Mchungaji," macho yangu yameshahamia kwa anayemfuata. Jumatano nikaletewa habari ya mmoja wa wale mia mbili. Sitasema ni nani, wala sitasema ni nini, familia yake iko hapa. Nitasema tu kwamba mkono wake niliushika, na nilimwuliza, na alinijibu kwa adabu kabisa.

Nimekuwa nikijitetea tangu Jumatano. Nilimwuliza, nasema. Nilisimama nikamwuliza. Mnayasikia maneno hayo yanatoka wapi?

Na wewe usijifiche nyuma ya mchungaji. Kwako yupo mke ambaye kila jioni unamwuliza habari ukiwa umeinamia simu. Yupo baba yako mgombani huko, unampigia Jumapili kwa Jumapili, anasema hajambo, unasema haya mzee tutaongea. Yupo kijana wako amerudi kutoka chuo mwezi mzima hajatoka chumbani, umemwuliza kupitia mlango, kajibu "Poa." Ukaridhika. Ukaenda kazini umeridhika! Tunawauliza watu wetu ili tutulie roho sisi, wala si ili tujue. Mungu atusamehe, maana hilo ni kujidanganya, na tunalifanya kwa kutumia adabu yetu nzuri.

Leo sitasimama mlangoni. Nitakaa pale, benchi la mbele, atakayekuja nimwulize mpaka la pili, na mzee wa kanisa ameambiwa asinipe ratiba. Lakini mimi ni mtu mmoja. Mtu uliyekaa naye bega kwa bega tangu saa mbili, mlipoingia ulimsalimu, naye akakwambia nzuri. Amemaliza kazi yake. Geuka umtazame usoni, kisha umwulize tena.