Kichupa Kilichobaki Kwenye Kasha la Baridi

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mnisaidie. Nina hadithi inayonivuruga kichwa, na peke yangu siiwezi.

Walikuwapo wasafiri watatu wa anga za juu. Mishi alijua kugeuza chombo taratibu, kama mama anavyomgeuza mtoto aliyelala. Kombo, mtoto wa muuza barafu, alijua kufunga kitu kikafungika. Na Nyamvula? Huyu kipaji chake kilikuwa kuacha. Akiamua kutogusa kitu, hakigusi. Msicheke, mtaona.

Walikuwa wanarudi duniani na kasha la dawa ya ugonjwa wa damu, iliyotengenezwa huko huko juu, dawa isiyovumilia joto hata kidogo. Kila mmoja alikuwa na mgonjwa wake nyumbani: Mishi dada yake, Kombo binti yake, Nyamvula mdogo wake wa kiume. Ndiyo maana waliiomba safari hiyo.

Njiani mtambo wa kupoza kasha ukafa. Waliufanyia kila walichojua, wapi.

Mishi akakigeuza chombo mpaka upande wa kasha ukawa kivulini. Lakini mabamba ya umeme nayo yakakosa jua, feni zikalegea, na mle ndani wakaanza kutokwa jasho.

Kombo akakusanya blanketi zote na mifuko ya kulalia, akalivika kasha. Mishi akataka kuzivua.

"Kombo, dawa inapata joto, nawe unaifunika blanketi?"

"Blanketi halina moto wake, dada. Linazuia tu. Nyumbani tulifunga barafu kwa maranda na magunia, na sokoni ilifika."

Nyamvula akajifunga kwa mkanda juu ya mfuniko, mtu asiufungue, maana huko juu huna uzito wa kukalia kitu. Kipimajoto kilikuwa ndani ya kasha, kwa hiyo hakuna aliyejua hali ya dawa. Kombo akamwomba afungue kidogo tu achungulie. Akaomba tena, akalia. Nyamvula naye alikuwa analia.

"Umeme ukikatika, mama hakuruhusu mtu afungue friji," alisema. "Sifungui."

Basi wakasafiri hivyo, hawajui wanalinda dawa au takataka.

Walipotua, daktari akafungua kasha. Dawa ilikuwa ya baridi, nzima. Wagonjwa wa wodini, waliotangulia kwenye orodha, wakapata yao, kikabaki kichupa kimoja, cha kumtosha mtu mmoja.

"Apewe mgonjwa wa yule aliyeiokoa," daktari akasema. "Ni nani?"

Mishi alisema bila kivuli chake, blanketi zingechelewesha tu kuharibika kwa dawa. Kombo akauliza, je, joto la ndani, la miili yao wenyewe, lilizuiwa na nani? Nyamvula alifuta macho yake mekundu, akawatazama.

Na mimi nimechoka nao. Mishi alitaka kuvua blanketi. Kombo alitaka kufungua kasha. Nyamvula hakufanya lolote, na hilo ndilo alilolifanya. Asubuhi nampa Mishi, mchana nampa Kombo, nikienda kulala nampa Nyamvula, nikiamka nimechanganyikiwa upya.

Ila daktari hana nafasi ya kulala. Amesimama na kichupa, barafu iliyokizunguka inayeyuka, na wagonjwa watatu wanamngoja. Haya, wewe uliyekaa hapo, ungempa nani? Sema upesi.